Alizeti ya Nyumbani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kuchagua Mbegu Hadi Kupepeta

Alizeti haina shida kuota. Fukia punje kwenye udongo wenye unyevu na joto, na baada ya wiki moja hivi utauona mche umenyanyua majani mawili mazito, pengine ganda la punje likiwa bado limekaa juu yake. Urahisi huo ndio unaowafanya wengi waamini kuwa kazi imekwisha. Kumbe mavuno ya alizeti huamuliwa mara mbili. Kwanza ni kuanzia kitumba kinapojitokeza hadi ua linapomaliza kufunguka, ambapo maji yakikosekana unavuna mapepe, yaani punje tupu. Pili ni zile wiki za mwisho, punje zinapojaa na ndege wanapoanza kuja. Mwongozo huu unapita hatua zote, lakini kwenye maji na kwenye ndege nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo bustani nyingi za nyumbani hupoteza kila kitu.

Mifano yangu mingi ni ya nyanda kavu za kati za Tanzania, Dodoma na Singida, ambako alizeti ndiyo mafuta ya kupikia na kwa kaya nyingi ndiyo ada ya shule. Uliye pwani, Arusha, Nakuru au Bujumbura utabadilisha tarehe tu. Mmea ni uleule.

Jiulize kwanza: unaitaka ya nini?

Ukimuuliza mtu, jibu la haraka ni mafuta. Basi tupige hesabu. Chukua kipande cha mita 10 kwa 5 nyuma ya nyumba. Ukipanda mistari iliyoachana sentimita 75 na mche kwa mche sentimita 30, utapata miche 220 hivi. Mche uliotunzwa vizuri ukikupa gramu 40 za punje kavu, jumla ni kama kilo tisa. Mashine ndogo za kukamua huhitaji kilo tatu hadi nne kutoa lita moja. Kwa hiyo bustani yako yote inakupa lita mbili na nusu, ikizidi sana tatu.

Sikuambii hivi ili kukukatisha tamaa. Nakuambia ili upande kwa sababu inayolipa. Kwa uwanja mdogo, alizeti inalipa kwa punje za kutafuna na za kuku, kwa nyuki wanaofaidisha pia maboga na matango yaliyo jirani, kwa kivuli cha mboga, na kwa watoto kujifunza kilimo kwa mmea wanaouona ukiwapita kimo ndani ya miezi miwili. Mafuta ni hesabu ya kikundi. Watu kumi wenye robo eka ya pamoja, ambayo ni kama mita za mraba 1,000, wanaweza kupata kilo 150 hadi 180 msimu ukiwa mwema, yaani lita 40 hadi 50. Hizo zinagawika.

Mbegu

Aina iliyozoeleka zaidi Tanzania ni Record. Si chotara, kwa hiyo unaweza kutunza mbegu yake mwenyewe na kuipanda tena. Machotara, kama Hysun 33, hukomaa kwa pamoja na huwa na mafuta mengi zaidi, ila punje utakazovuna ukizirudisha shambani hazizai kama mama yao, na kila msimu itabidi ununue upya. Kwa bustani ya nyumbani na ya shule mimi napendelea Record. Kwa kikundi kinacholima kwa ajili ya kukamua, chotara linaweza kurudisha gharama yake, mradi mvua au maji ya uhakika yapo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ilonga, wilayani Kilosa, ndicho kinachoongoza utafiti wa alizeti Tanzania. Afisa ugani wa kata yako ndiye mtu wa kumuuliza aina gani zinafaa kwenu na zinapatikana wapi.

Nunua mfuko uliofungwa, wenye lebo ya uthibitisho na tarehe. Mbegu iliyotiwa dawa huwa na rangi ya kupakwa, mara nyingi nyekundu au kijani. Hiyo ni sumu. Ikibaki usimpe kuku, usiikaange, usiiache mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia.

Mbegu ya nyumbani, au uliyopewa na jirani, ipime kabla ya kuandaa hata shimo moja. Tandaza punje kumi kwenye kitambaa kilicholowa, kikunje, kiweke kwenye sahani mahali penye joto na ukilinde kisikauke. Baada ya siku tano au sita kifungue. Zikiota nane au zaidi, mbegu ni nzima. Zikiota tano, weka punje tatu kila shimo. Chini ya hapo, wape kuku uende kutafuta nyingine.

Mahali: upande wa magharibi

Alizeti inataka jua la moja kwa moja si chini ya saa sita kwa siku, na ikipata nane ni vizuri zaidi. Chini ya mwembe au mwarobaini itarefuka, itapinda kutafuta mwanga, na kichwa kitakuwa kama kifungo.

Ndani ya eneo lenye jua, mahali pazuri kuliko pote ni ukingo wa magharibi wa bustani. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kivuli. Jua la saa tisa alasiri ndilo linalonyausha mchicha, sukumawiki na figiri, na ukuta wa alizeti upande wa magharibi unazikinga saa hiyohiyo, huku jua la asubuhi likizifikia bila kizuizi.

Ya pili ni uso wa ua. Mmea ukiwa mchanga, ncha yake hufuata jua kutwa kutoka mashariki hadi magharibi, na usiku hurudi tena mashariki. Ua linapofunguka mwendo huo husimama, na kichwa hubaki kimeelekea mashariki moja kwa moja. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walionyesha kuwa maua yaliyoelekea mashariki hupata joto mapema asubuhi na hutembelewa na nyuki wengi zaidi kuliko yaliyogeuzwa magharibi. Basi ukipanda magharibi mwa baraza lako, maua yatakutazama. Ukipanda mashariki, utakuwa ukiangalia migongo yake msimu mzima.

Panda kwa kitalu cha mistari mitatu au minne mifupi badala ya mstari mmoja mrefu kando ya uzio. Nyuki hufanya kazi vizuri pale maua yalipokaribiana, na mashina hukingana upepo.

Kama huna ardhi, ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inabeba mmea mmoja wa aina fupi. Aina ndefu kwenye ndoo huanguka.

Lini upande

Kanuni ni moja: hesabu kurudi nyuma. Aina nyingi huchukua siku 90 hadi 120, na Record iko upande wa siku nyingi. Unataka maua yafunguke mvua ikiwa bado ipo ardhini, na vichwa vikauke mvua ikiwa imekwisha. Kichwa kilichokomaa kikinyeshewa kila siku huoza kwa nyuma, na punje huota ukungu.

Kwa Singida na Dodoma, penye msimu mmoja wa mvua, hiyo ina maana ya kupanda katikati ya Januari, si mara mvua za kwanza za Desemba zinapoanguka. Ya Desemba mwanzoni inakomaa mwezi wa tatu, mvua bado ipo. Ya katikati ya Januari inakomaa Mei, jua kali na upepo mkavu. Penye misimu miwili, pwani, kaskazini ya Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya, angalia masika na vuli za kwenu kwa hesabu hiyohiyo.

Wenye bomba au kisima hujaribiwa kupanda wakati wa kiangazi. Inawezekana, lakini jua kwamba alizeti yako ndiyo itakuwa chakula pekee kwa ndege wa mtaa mzima. Ukipanda pamoja na majirani, hasara ya ndege inagawanyika. Ukipanda peke yako, ni yako yote.

Udongo

Haichagui sana. Tifutifu, kichanga kilichotiwa mboji, hata mfinyanzi usiotuamisha maji, vyote vinafaa. Inachohitaji ni kina. Mzizi wake mkuu unaweza kushuka zaidi ya mita moja na nusu, na huo ndio unaoipa uwezo wa kustahimili ukame. Uwanja wa nyumba mara nyingi umekanyagwa ukawa mgumu, na chini kuna mabaki ya kokoto na saruji. Mzizi ukigonga hapo unageuka pembeni, mmea unaanguka kichwa kikiwa kizito. Chimba mistari yako kwa jembe au sululu hadi sentimita 30, uvunje lile tabaka gumu. Ni kazi ya kutoa jasho, na ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika kilimo hiki.

Samadi iliyooza vizuri, viganja viwili kila shimo, inatosha. Changanya na udongo wa shimo, usiiache fungu moja chini ya punje. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mche. Na usizidishe mbolea ya kukuzia, kwani nitrojeni nyingi hutoa majani mapana na shina refu laini, kichwa kikawa kidogo, na wadudu wakaja kwa wingi.

Kupanda

Panda mahali mmea utakapokaa. Alizeti haipendi kuhamishwa, maana mzizi mkuu ukikunjika au kukatika haurudii. Kama ni lazima uoteshe kwenye viriba kwa sababu ya kuku au panya, hamisha mche ukiwa na majani mawili ya kweli, yanayofuata yale mazito ya kwanza, pamoja na bonge lake la udongo.

Nyosha kamba, toboa mashimo ya sentimita 3 hadi 5, mistari ikiachana sentimita 75, shimo kwa shimo sentimita 30. Aina za urembo zenye vichwa vikubwa mno zipe sentimita 45 hadi 50. Weka punje mbili, fukia, gandamiza kidogo kwa kiganja. Udongo uwe umelowa kabla ya kupanda. Kumwagia maji mengi juu baada ya kufukia hugandisha udongo, na mche hushindwa kupasua.

Panya, kuchakulo na kuku hufukua punje. Matawi ya miiba yaliyolazwa juu ya mistari kwa siku kumi za kwanza huzuia kuku kuliko kelele zako. Kwa panya, ondoa vichaka na takataka karibu na kitalu.

Mwezi wa kwanza

Miche ikifika urefu wa kiganja, acha mmoja kila shimo. Chagua ulionenepa shina, si ule mrefu zaidi. Ule mwingine ukate kwa mkasi au ubane kwa kucha usawa wa ardhi. Ukiung'oa unatikisa mizizi ya mwenzake. Watu huona uchungu kuua mche mzima, lakini miwili shimo moja hutoa vichwa viwili vidogo ambavyo jumla yake haifikii kimoja kizuri.

Palizi ya kwanza ifanyike wiki ya pili au ya tatu, ya pili kabla mmea haujafika kiunoni. Baada ya hapo majani yanafunika ardhi na magugu yanakosa mwanga. Kwenye palizi ya pili vuta udongo uzunguke shina, urefu wa ngumi moja. Tuta hilo dogo husaidia sana siku za upepo.

Ukiamka ukakuta mche umelala chini, umekatwa usawa wa udongo kama kwa wembe, huyo ni sota, kiwavi anayekata miche. Usitupe mche ukaenda zako. Chimbua kwa kidole udongo wa juu kuuzunguka, sentimita mbili tatu tu. Utamkuta amejikunja duara, wa kijivu, amelala mchana akingoja usiku akate mwingine. Muue. Kwa bustani ndogo njia hii ya mkono inatosha. Kinga ni kipande cha chupa ya plastiki kilichokatwa kama pete, kikachomekwa sentimita mbili ardhini kuuzunguka mche.

Majani yakitokea madoa ya rangi ya kutu, ng'oa ya chini yaliyoathirika na uache kumwagilia juu ya majani. Mche uliodumaa, majani yamepauka na chini yake kuna unga mweupe, hautapona. Ng'oa, choma. Funza wa vitumba huokotwa kwa mkono asubuhi. Wakizidi, maji ya majani ya mwarobaini hupuliziwa jioni, kabla maua hayajafunguka.

Maji: hapa ndipo punje zinapoamuliwa

Katika siku arobaini za kwanza alizeti inavumilia. Ikilegea adhuhuri na kusimama tena jioni, usiwe na wasiwasi. Hata kuinyima kidogo kuna faida, kwani mzizi hushuka kutafuta unyevu. Mwagilia kwa nafasi na uloweshe hadi chini, kuliko kunyunyiza juu juu kila jioni.

Mambo yanabadilika siku ya hamsini hivi, kitumba kinapoonekana katikati ya majani ya juu, kimejifunga katika vijani vyembamba vilivyochongoka kama nyota. Kuanzia hapo hadi wiki mbili tatu baada ya ua kufunguka, mmea unakunywa kuliko wakati wowote. Kwa nafasi tulizotaja na jua la Dodoma, kila mche unatumia kama lita moja na nusu kwa siku. Miche 30 ni lita 45, ndoo mbili kubwa na zaidi kidogo, kila siku. Miche 220 ni zaidi ya lita 300. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kupanda, si siku kitumba kinapotoka. Ndiyo sababu nilisisitiza tarehe: mvua ndiyo mwagiliaji wa kwanza, ndoo zako ni za kuziba pengo.

Mpe kila mche lita nne hadi tano kila baada ya siku tatu, taratibu, shinani. Matandazo ya nyasi kavu unene wa vidole vitatu hupunguza sana upotevu. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanafaa.

Kwenye bustani ya pamoja, wiki hizi ndizo zinazovunja vikundi. Mwanzoni kila mtu anakuja, katikati wanabaki wawili. Andikeni zamu za maji kabla ya kupanda, majina na siku, na mkubaliane kwamba asiyeweza kufika anatafuta wa kumshikia nafasi yake. Kubalianeni pia mgao: wanaogawana kwa ndoo za maji walizobeba hugombana kidogo kuliko wanaogawana kwa vichwa vya watu.

Ua na nyuki

Tunachokiita ua moja la alizeti ni mamia ya maua madogo yaliyokaa pamoja. Petali za njano za pembeni hazizai kitu, kazi yake ni kuwaita wadudu. Punje hutoka kwenye vijiua vya katikati, navyo hufunguka kwa duara, kuanzia ukingoni kwenda ndani, mistari michache kila siku, kwa siku tano hadi kumi. Sogeza uso karibu asubuhi utaona duara la chavua ya njano likisogea kila siku kuelekea kitovu.

Jambo hili lina faida wakati wa mavuno. Kichwa kinabeba kumbukumbu ya siku zile. Duara la mapepe katikati ya punje nzuri linakuonyesha siku ambazo nyuki hawakufika, au joto na kiu vilizidi. Kitovu kitupu chenye ukingo mzuri maana yake mmea uliishiwa maji au nguvu mwishoni.

Siku za maua usipulizie dawa yoyote. Ikiwa shamba jirani wanapulizia, waombe wafanye jioni nyuki wakishalala. Aina zisizo chotara, Record ikiwemo, zinawategemea nyuki zaidi. Kama wamepungua mtaani kwenu, fuata njia ya mkono: saa tatu hadi saa nne asubuhi, gusanisha taratibu nyuso za maua mawili ya mimea tofauti, au zipapase kwa kitambaa laini ukihamia kutoka ua hadi ua. Rudia kila siku ya pili hadi duara lifike katikati.

Ndege

Petali zikinyauka, kichwa huanza kuinama na punje kujaa. Siku hiyohiyo kazi ya kuamia ndege inaanza. Tetere, minana, shomoro, na kwenye maeneo ya nafaka kwelea kwelea, wote hujua punje zimefika hali gani kabla yako. Tetere hutua chini na kuokota zilizodondoka. Minana hushika ukingo wa kichwa na kuchomoa punje moja moja, hupasua na kuacha makapi chini. Ukiona makapi chini ya mmea asubuhi, umeshachelewa siku moja.

Kwa bustani ya nyumbani, kinga ya kweli ni kufunika. Hesabu vichwa vyako. Kama havizidi hamsini, kazi ni ya asubuhi moja. Mifuko ya neti iliyobebea vitunguu au machungwa ndiyo bora, kwani hewa inapita na umande unakauka. Ivishe kichwa, ikaze kwa kamba nyuma ya shingo, na uache nafasi ili neti isigusane na punje, maana mnana huzifikia kupitia matundu. Mfuko wa karatasi ya kaki unafaa kama mvua imekwisha kabisa. Plastiki isiyopitisha hewa usitumie hata kwa siku moja: jasho hujikusanya ndani, kichwa kikaoza. Kipande cha chandarua chakavu kinaweza kutumika baada ya petali kunyauka, si kabla, kwa sababu vyandarua vingi vina dawa inayoua nyuki.

Shamba la kikundi halifunikiki. Hapo ni zamu za kuamia, na saa zenyewe ni mbili: tangu kunapokucha hadi saa tatu, na saa kumi hadi jua linapotua. Adhuhuri ndege wengi hupumzika kivulini. Kanda za kaseti za zamani, makopo yaliyofungwa kwenye kamba na sanamu la mtu husaidia siku chache, kisha ndege huyazoea. Vihamisheni kila siku ya pili, na mtu wa kweli apite katikati ya mistari. Shule zisiwatoe watoto darasani kwa kazi hii. Mgao wa wazazi kwa asubuhi moja kila mmoja unatosha.

Chagueni pia aina zinazoinamisha kichwa sana. Kichwa kilichotazama ardhi kinamnyima ndege mahali pa kusimama.

Kuvuna

Angalia mgongo wa kichwa. Ukiwa kijani, bado. Ukiwa njano ya limau, punje zimejaa ila zina maji. Ukiwa njano inayoingia kahawia, na vile vijani vya pembeni vimekauka, vuna. Sugua uso kwa kidole gumba: mabaki ya vijiua yatapukutika na punje zitaonekana zimebanana, ngumu. Chomoa moja ya katikati uipasue. Kiini kiwe kimejaa ganda.

Ndege wakizidi unaweza kuvuna mapema kidogo, mgongo ukiwa njano kabisa, na kumalizia kukausha nyumbani. Kata pamoja na shina la sentimita 30, funga vitatu vitatu, tundika chini ya paa penye upepo. Usirundike vichwa vibichi ndani ya gunia. Vinapata joto usiku mmoja na kuanza kuoza.

Vikikauka, kuvipura ni rahisi: geuza kichwa kifudifudi juu ya turubai na ukipige mgongoni kwa fimbo, au sugua vichwa viwili uso kwa uso. Pepeta kwa ungo penye upepo mwepesi. Mapepe yataruka yenyewe.

Anika punje kwenye turubai au mkeka, tabaka jembamba, ukizigeuza mara kadhaa kwa siku, na uziingize ndani jua likizama. Usianike kwenye udongo mtupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wakamuaji wadogo wa Tanzania ulikuta sumukuvu kwenye alizeti na kwenye mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua. Sumu hiyo hutokana na ukungu, na ukungu huingia pale punje zinapokaa na unyevu. Siku mbili hadi nne za jua kali zinatosha. Ili kupima, toa kiini ukivunje kwa meno: kikikatika kwa mlio, kimekauka, kikibonyea kama jibini, rudisha juani. Punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi au yenye ladha chungu, itupe. Usimpe kuku wala ng'ombe.

Hifadhi kwenye gunia safi juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pa baridi. Alizeti ina mafuta, kwa hiyo haikai kama mahindi. Ya kula imalize ndani ya miezi michache kabla haijachacha.

Matumizi

Za kutafuna: loweka usiku kucha kwenye maji yenye chumvi, kijiko kikubwa kimoja na nusu kwa lita. Chuja, anika hadi ganda likauke, kisha kaanga kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha, dakika kumi hadi kumi na tano. Onja moja kila mara. Zikianza kunukia ziepue, kwa maana huendelea kuiva kwenye sufuria lenye moto.

Kuku wape kiganja kwa siku kama nyongeza, hasa wanapobadilisha manyoya. Isiwe chakula chao pekee. Ukipeleka kukamua, dai mashudu yako, usiyaache mashineni. Yakichanganywa na pumba za mahindi ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa na cha kuku, ila yatumie mapema, hayakai.

Mbegu ya mwaka ujao, kama ni Record, chagua vichwa vya mimea mitano hadi kumi iliyo katikati ya kitalu, mbali na aina nyingine za jirani, iliyosimama imara na kukomaa kwa wakati. Chukua punje za ukingoni kuelekea ndani, acha za kitovu. Zifunge kwenye chombo kikavu, andika aina na mwezi.

Mashina yakate usawa wa ardhi na uache mizizi ioze humo humo, kwani inafungua njia za maji. Mashina makavu ni kuni za haraka na fito za uzio mwepesi. Yaliyokuwa na ugonjwa yachome. Maganda na majani mengi ya alizeti yakirundikwa mahali pamoja huzuia mbegu ndogo kuota, kwa hiyo usimwage mbegu za mchicha wala usiweke kitalu cha nyanya hapo. Yapeleke kwenye mboji kwanza. Mahali palipokuwa na alizeti panda mahindi au mtama msimu unaofuata, kisha kunde au choroko, na usiirudishe alizeti hapo kabla ya misimu mitatu kupita. Ukiwa uliona ukungu mweupe wa pamba kwenye mashina au vichwa, epuka pia maharage, kabichi na karoti mahali hapo, kwa kuwa ugonjwa huo unawashika wote, lakini mahindi na mtama hauwagusi.